Kura tatu za mwaka 1958: je, mpiga kura huangalia rangi ya mgombea?

Msikilizaji, kila Marekani ikifanya uchaguzi swali hurudi: je, watu kule humchagua mtu kwa rangi yake? Hapa kwetu swali hilo liliwahi kuwekwa ndani ya sheria.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta kura tatu Tanganyika. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na hakupiga kila mtu. Ilitakiwa elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Wakulima na wavuvi wengi waliachwa nje.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958. Wengi walitaka kususia, lakini Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda chama cha Congress, akisimamia Afrika kwa Waafrika.

Wazungu na Waasia walioungwa mkono na TANU, akina Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa, waliingia Baraza la Kutunga Sheria. Mpiga kura aliyewekewa Wazungu wawili hakuwa na rangi ya kuchagua. Aliuliza nani yuko upande wa uhuru. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, akapata chini ya asilimia 2.

Hata hivyo tusijisifu mno. TANU yenyewe haikuwafungulia uanachama wasio Waafrika mpaka baada ya uhuru.

Sasa Marekani. Kwa mahojiano ya waliotoka vituoni, mwaka 2004 John Kerry, Mzungu wa chama cha Democratic, alipata kura 41 katika kila 100 za Wazungu. Mwaka 2008 Barack Obama wa chama hicho hicho, ambaye baba yake alitoka Kenya, alipata 43. Kwa weusi, Kerry alipata 88 na Obama 95. Rangi ilisogeza kura, lakini chama kilibeba uzito mkubwa zaidi. Ila uchumi ulikuwa umeanguka mwaka ule. Huenda mgombea Mzungu angezoa zaidi.

Kwetu leo rangi imepisha kabila, dini na "mtu wa kwetu". Mgombea akija kijijini kwako na kusema, "Mimi ni mwenzenu," mpokee vizuri. Kisha muulize la ardhi na la maji, na yuko upande wa nani.