Kazi Haingoji Siku ya Mahafali

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha mwaka 2001. Tangu hapo mlango wa elimu ya juu umezidi kupanuka hapa Visiwani. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini shahada siyo kazi, na hapa ndipo tunapopaswa kuambiana ukweli.

Vijana wengi huanza kuulizia kazi siku wanapovua majoho. Hupeleka barua serikalini, kisha hukaa barazani kungoja jibu. Na Serikali, hata iwe na nia njema vipi, haiwezi kumwajiri kila mhitimu.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi apate mshauri wa kazi tangu mwaka wa kwanza, siyo wa mwisho. Pili, wizara, mashirika na mahoteli yatangaze mapema fani yatakazozihitaji, ili mtu asisome kwa kubahatisha. Tatu, mafunzo ya kazini yawe ya kweli. Mwanafunzi anayeletwa afisini akaishia kubeba mafaili na kuchemsha chai hakufunzwa kitu. Wala mtoto wa Micheweni asikose nafasi mjini Unguja kwa kukosa nauli ya meli.

Wanafunzi nao wana wajibu wao, kwani elimu bila ya amali ni kama nta bila ya asali. Na sisi wazee tuache kuwafundisha watoto kwamba kazi ya heshima ni ile ya mezani peke yake.