Masikio ya Raia

Kwa zaidi ya miaka hamsini baadhi ya wananchi wa Marekani wamekuwa na desturi ambayo mgeni huweza kuidhania kuwa ni ushushushu. Jioni, baada ya kazi, mtu huwasha redio ndogo inayopekua mawimbi, ambayo wenyewe huiita skana, akasikiliza polisi na zimamoto wakiitana. Hapo mwanzo kila masafa yalihitaji kipande chake cha fuwele ndani ya redio; leo kifaa kinacholingana na kidole gumba, kikichomekwa kwenye kompyuta, huifanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Burudani hiyo sasa imo mashakani. Polisi wa Denver waliyafumba mawasiliano yao mwaka 2019. Chicago iliingia njia hiyo mwaka 2022, ikawaachia raia kusikiliza baada ya nusu saa. New York nayo ikaanza mwaka 2023. Msikilizaji aweza kununua skana ya kisasa kabisa, lakini ufunguo wa mafumbo hauuzwi dukani.

Si haki kuwabeza wakuu wa polisi. Jina, anwani na maradhi ya mtu aliyefikwa na msiba hutajwa hewani, na hakuna mzazi apendaye jirani ayajue kabla yake. Mwaka 1986 Marekani ilipiga marufuku kusikiliza simu za mkononi za watu, na tangu mwaka 1994 skana zenye uwezo huo zikakatazwa kutengenezwa au kuingizwa nchini humo. Wapenzi wa skana walinung'unika, lakini katika hilo serikali ilikuwa na haki. Mazungumzo ya mtu na mkewe ni mali yao wawili.

Lakini askari anayeitwa kazini hazungumzi na mkewe. Yumo katika utumishi wa umma, kwa chombo kilichonunuliwa kwa kodi. Mwandishi wa habari aliyekuwa akiwahi penye ghasia kwa kusikia skana, sasa atamngojea msemaji wa idara ile ile ambayo pengine ndiyo yenye kosa. Na nusu saa, jamani, ni muda wa kutosha kuifagia barabara!

Mwaka 2020 jimbo la California liliziachia idara za polisi kuchagua: ama zifumbe mawasiliano, ama ziache kutaja habari za siri za watu kwenye masafa ya wazi. Njia hii ya pili ndiyo tunayoiunga mkono. Inawataka askari wachunge ndimi zao tu, na raia abaki na redio yake.