Mbuzi wabaki zizini, mtoto aendelee na insulini

WIKI iliyopita mama mmoja wa hapa Ikungi alimleta kliniki mwanawe wa miaka tisa, anayechomwa insulini tangu mwaka jana. Akaniuliza: “Daktari, huyu hali pipi wala hanywi soda. Sukari kaitoa wapi?” Jamaa yake alikuwa amemwambia kuna kipimo cha kinga ya mwili kinachofanyika mbali. Akawa anafikiria kuuza mbuzi akakilipie, huenda mtoto akaachishwa sindano.

Nilimwambia mbuzi wabaki zizini. Wazazi wengine wana swali hilohilo, hivyo naeleza hapa.

Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na pipi. Mara nyingi kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu dhidi ya magonjwa, hukosea na kushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Askari hao huacha alama katika damu, yaani kingamwili. Mojawapo hulenga protini iitwayo GAD65.

Ili kuinasa kingamwili hiyo, maabara huhitaji protini yenyewe. Haikamuliwi kutoka kwa mtu. Wataalamu huchukua jeni ya binadamu, wakaipandikiza kwenye chembe hai kama hamira, nazo zikaitengeneza protini hiyo kwa wingi. Damu ya mgonjwa ikiwa na kingamwili, hunata kwenye protini hiyo.

Ujuzi huohuo ndio uliotupa insulini ya binadamu. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani waliitengeneza kwa kutumia bakteria, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kwa wagonjwa nchini humo.

Kwa hiyo sikidharau kipimo hicho. Kinasaidia sana utafiti. Lakini hakiamui kama mtoto aendelee na insulini au aache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwachunguza watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliopata kisukari wakiwa vijana au watoto. Takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili hizo, ingawa walikuwa na upungufu wa insulini. Mzazi akiambiwa “hakuna kingamwili” kisha akaiacha sindano, anaweza kumzika mwanawe.

Kipimo cha kukimbilia ni cha bei nafuu: tone la damu ya kidole kwenye mashine ya sukari. Mtoto mwenye dalili, akikutwa na milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, huyo ana kisukari, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dalili ni kiu isiyoisha, kukojoa sana, kukonda na kuchoka. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, usimchape, mpeleke akapimwe. Akitapika, akiumwa tumbo, akihema haraka na kwa kina au akilegea, usingoje kesho.

Mtoto wa mama huyu alitibiwa malaria mara mbili kabla ya mtu yeyote kumpima sukari. Alifika hospitali hajitambui. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa zahanati: mtoto mgonjwa anapotobolewa kidole kwa kipimo cha malaria, tone la pili liende kwenye mashine ya sukari. Nanyi wazazi, msione haya kuliomba.

Mtoto akiugua homa au akikosa hamu ya kula, usikatishe insulini kwa uamuzi wako. Wasiliana na kliniki. Kama nyumbani hakuna friji, weka chupa ya dawa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, katikati yake pakiwa na mchanga unaoloweshwa kila siku. Kwa hewa kavu ya Singida, njia hiyo hupooza vizuri.

Watafiti waje wawapime watoto wetu pia, tujue aina ya kisukari chao. Wakati tunawangoja, sindano ya leo jioni isikosekane.