Kishale cha Upepo na Mnara wa Eddystone

Wasomaji wetu wakaao pwani wajua ya kuwa nahodha hatweki tanga kabla hajajua upepo watoka wapi. Lakini kaskazi ina miezi yake, na kusi ina miezi yake. Katika bahari ya Uingereza sivyo: upepo waweza kugeuka mara nyingi kwa siku moja. Kwa hiyo watu wa huko huweka juu ya minara yao kishale cha chuma kizungukacho juu ya mti wake. Mkia wake ni mpana kuliko kichwa. Upepo huusukuma mkia nyuma, na kichwa huelekea kule upepo utokako.

Kimoja cha vishale hivyo kilikuwa juu ya mwamba wa Eddystone, ulio baharini mwendo wa maili 14 hivi kutoka mji wa Plymouth. Merikebu nyingi zilivunjika pale. Bwana Henry Winstanley akajenga mnara wa taa, naye aliandika ya kuwa kimo chake hata kufika kwenye kishale kilikuwa futi 80. Mishumaa yake iliwashwa mara ya kwanza tarehe 14 Novemba 1698. Mwaka uliofuata akauongeza kimo na kuutia mapambo, mengi kupita haja, kwa maoni yetu. Watu waliponong'ona kuwa hautasimama, alisema angependa kuwamo ndani siku ya tufani kubwa kupita zote.

Akapata alilotaka. Alikwenda kuutengeneza mwezi wa Novemba 1703, na usiku wa tarehe 26 ikaja tufani kuu. Kishale humwambia mtu upepo utokako. Nguvu zake hakizisemi. Kulipokucha, juu ya mwamba palikuwa na vipande vya chuma tu. Winstanley na wote waliokuwamo walipotea. Hatumcheki, maana muda si muda merikebu Winchelsea ilivunjika papo hapo, gizani, kwa kukosa taa yake.

Mnara wa pili uliungua mwaka 1755. Wa tatu, wa mawe, kazi ya John Smeaton, uliwashwa mwaka 1759, ukadumu hata 1882 ulipowashwa wa nne. Ndipo sehemu yake ya juu ikahamishiwa Plymouth, nayo ingali imesimama ufukoni. Shina lake limebaki baharini, kando ya mnara uwakao sasa.