Kitabu Nilichokificha Ghalani



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya ubwiriunga wa mikorosho. Mwezi huu niruhusu niiache mikorosho kidogo. Nataka kukueleza habari za kitabu kimoja. Nilikikataa kabla ya kukisoma, na sasa nimekisoma.

Kitabu chenyewe kinaitwa Rosa Mistika. Aliyekiandika ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Kitabu kilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Botswana. Alifariki Januari 2020. Wataalamu wa Kiswahili wanamsifu sana, na mwaka 2025 kitabu hiki kimetolewa Marekani kwa lugha ya Kiingereza.

Sifa hizo nilizisikia zamani. Lakini nilisikia na jambo jingine. Nilisikia kwamba kitabu kilipotoka kilipigwa marufuku shuleni, kwa sababu kinaeleza wazi mambo ya wanaume na wasichana. Ni kweli, kilikatazwa. Ni kweli pia kwamba baadaye kiliruhusiwa, wanafunzi wa sekondari wakakisoma. Masikio yangu yalishika neno la kwanza tu.

Mwezi wa Juni binti yangu alikuja likizo. Anasoma kidato cha tatu Masasi. Alipanda gari mpaka huku juu Newala, akafika jioni. Alipokuwa anatoa nguo kwenye begi nikakiona kitabu hicho. Nikakichukua. Sikusema neno, naye hakusema neno. Nikakipeleka ghalani, nikakiweka juu ya magunia ya salfa. Salfa ina harufu kali. Nikajua hakuna atakayekwenda kupekua huko.

Sasa kuna mzee mmoja hapa kijijini. Anasoma darasa la kisomo la jioni, na tangu alipojua kusoma hapitwi na maandishi. Husoma maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Husoma maandishi ya kwenye magari. Siku hiyo alikuja kuazima mashine ya kupulizia salfa, nikaingia naye ghalani. Akakiona kitabu. Akasoma polepole: Ro-sa Mis-ti-ka.

“Kinasema nini hiki, Bwana Shamba?”

“Kina mambo mabaya, mzee wangu.”

“Mabaya gani?”

Nilikosa jibu. Mzee akacheka. Akasema, “Mwaka jana nilitaka kuukata mkorosho wangu wa kule bondeni, kwa sababu jirani aliniambia umekufa. Wewe ukaniambia nikwangue gome kwanza, nitazame kama ndani kuna ubichi. Hiki nacho umekikwangua?”

Akachukua mashine, akaenda zake. Mkorosho ule, msomaji, mpaka leo unazaa.

Usiku huo nilikitoa kitabu ghalani. Newala mwezi wa Juni ni baridi, na upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma. Nilijifunika blanketi, nikawasha taa ya sola, nikaanza. Si kitabu kinene, na Kiswahili chake si kigumu. Kama umemaliza darasa la kisomo utakiweza, ukienda taratibu.

Rosa ni msichana wa huko huko Namagondo. Mama yake, Regina, ni mtu mvumilivu. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Pesa za nyumbani anazinywa, lakini juu ya binti zake ni mkali kupita kiasi. Hataki wazungumze na mwanamume yeyote. Siku moja anaona kwamba Rosa amepata barua kutoka kwa kijana anayeitwa Charles. Anampiga Rosa kipigo kikubwa.

Hapo nikasimama kusoma. Mimi si mlevi. Lakini Desemba iliyopita nilikuta ujumbe katika simu ya mama watoto. Ulikuwa umetoka kwa mvulana fulani, unamwulizia binti yangu. Nilimchapa. Sikuuliza mvulana ni nani wala anataka nini. Nilimchapa kwanza, kisha nikaenda shamba, na jambo likaisha. Kwangu mimi liliisha.

Nikaendelea kusoma. Rosa anakwenda shule ya wasichana, mbali na baba yake. Hajafundishwa namna ya kujilinda. Amefundishwa kuogopa tu. Woga unapomwondoka hana kitu kingine cha kumshika mkono, na wanaume wanamwona. Mmoja wa hao wanaume, msomaji, ni Bwana Maendeleo.

Nilikifunga kitabu. Kwa siku mbili sikukigusa. Nilimkasirikia mwandishi kwa kutudhalilisha sisi watumishi wa vijijini. Hasira ilipopoa nikajiuliza: ni nani anayefika kijijini na pikipiki, ana mshahara wa kila mwezi, na kila mama anamkaribisha kiti? Ni sisi. Na msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu, wanaotafuta wasichana wa shule wanaongezeka. Nimewahi kukaa na watumishi wenzangu wakimtaja mtoto wa shule kama wanavyotaja kitoweo. Sikucheka nao. Lakini pia sikusema kitu. Nilikunywa soda yangu mpaka mwisho.

Rosa anafika chuo cha ualimu Morogoro, na mambo yanazidi kuharibika. Mwishowe anajiua. Sehemu hiyo ni nzito, na sitaieleza zaidi. Kwa maoni yangu mwandishi amerundika mateso mengi mno mwishoni, kama mtu anayepakia gunia la mwisho wakati gari limeshawashwa. Wapo wasichana wengi walioanguka kama Rosa, wakainuka, na leo ni walimu na wauguzi. Tena tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu msichana aliyeacha shule kwa ujauzito arudi masomoni baada ya kujifungua. Rosa wa mwaka 1971 hakuwa na njia hiyo. Lakini nyumba ya Zakaria, mwandishi ameieleza kama mtu aliyelala humo.

Kwetu huku, Wamakonde, Wamakua na Wayao, tunasema hayo ni mambo ya unyago. Baba hasemi na binti yake habari hizo. Kungwi ameshamfundisha, kazi imekwisha. Mimi siudharau unyago, mama zetu wote wamepita humo. Ila watoto wengine wanachezwa wakiwa wadogo sana, na mafunzo ni ya siku chache. Kungwi hatakuwepo siku mwanamume mwenye pikipiki atakaposimama kando ya njia na kumwambia mtoto apande, amfikishe shuleni. Siku hiyo mtoto atamkumbuka nani?

Siku mbili kabla ya binti yangu kurudi Masasi nilimkuta uani anachambua mboga. Nikamrudishia kitabu. Kilikuwa kinanuka salfa.

“Nimekisoma,” nikamwambia.

“Mimi nilishakimaliza, baba. Nilikuwa narudia.”

Nikavuta kigoda, nikakaa. Nikamwuliza, “Kama wewe ungekuwa Rosa, mambo yalipoanza kuharibika ungemwambia nani?”

Alichambua mboga muda mrefu. Kisha akasema, “Si wewe, baba.”

Alisema kwa adabu, macho yake yakiwa chini. Mama yake alikuwa jikoni, akaacha kukoroga ugali. Nilitaka kusimama niende shamba, kama Desemba. Nikakaa. Nikamwuliza juu ya ule ujumbe wa simu. Akaniambia yule mvulana ni wa darasa lake, na alikuwa anataka kurudishiwa daftari la hesabu kabla shule haijafunguliwa. Nikamwuliza kama alirudishiwa. Akasema ndiyo, alimpelekea mwenyewe, lakini kwa kujificha.

Tulizungumza mpaka mboga zikaisha. Hatukuzungumza yote. Mengine alikuwa anamtazama mama yake, nami nikaelewa kwamba hapo si pangu, nikanyamaza.

Kitabu hakurudi nacho Masasi. Alikiacha akaniambia nimpe yule mzee wa kisomo. Mzee amefika ukurasa wa thelathini. Jana alinisimamisha njiani kuniambia kwamba huyo Zakaria anamfahamu, anakaa kijiji cha pili. Nikamwambia Zakaria ni mtu wa Ukerewe. Mzee akakataa kabisa.

Mwezi ujao, ndugu msomaji, tutarudi kwenye mikorosho. Tutaeleza namna ya kupalilia chini ya miti kabla korosho hazijaanza kuanguka.