Nyuso za Vijana Wetu Zionekane

Ingieni katika ofisi ya mwalimu mkuu, shule yo yote, mtazame picha za timu zilizotundikwa ukutani. Jezi zaonekana. Mpira waonekana, na mwaka ulioandikwa juu yake kwa chokaa wasomeka. Kombe lang'aa. Lakini nyuso za vijana waliolipata kombe hilo mara nyingi ni madoa meusi yasiyo na macho, na mama aliyemzaa mmoja wao hana budi kuhesabu, "wa tatu kutoka kushoto," ndipo amtambue mwanawe.

Ukiuliza sababu, utajibiwa upesi: "Hawa ni weusi mno, kamera haiwezi." Sisi twasema neno hilo si kweli, na wakati wa kulikomesha umefika. Uso mweusi hauna kosa lo lote mbele ya kamera. Kosa ni la nuru iliyochaguliwa vibaya, na la mtu aliyebonyeza bila kutazama.

Neno hilo lina asili yake, nayo yafaa ijulikane. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea mafundi wa kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi hizo zikaitwa "Shirley". Fundi alisawazisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikapendeza, akaona kazi imekwisha. Watoto weusi na weupe walipoketi pamoja katika picha moja ya shule, weupe walitokea vizuri, weusi wakabakia meno na macho tu. Ilikuwa miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Na mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba imerekebisha kamera za simu zake ili zionyeshe ngozi nyeusi ilivyo. Maana yake ni nini? Kipimo kiliwekwa kwa ngozi ya wengine, kisha sisi tukaambiwa kwamba hatupimiki!

Basi, mitambo imeanza kurekebishwa. Kilichobaki ni mazoea yetu wenyewe, na hayo hatuwezi kumsingizia mtu wa ng'ambo.

Kwanza, saa. Nchi zetu ziko karibu na ikweta. Hapo Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Oktoba, na miezi mingine saa sita mchana huwa haliko mbali na hapo. Nuru itokayo juu huangaza nywele, mabega na ncha ya pua. Macho hubaki katika kivuli cha paji la uso kama mashimo mawili. Timu ipigwe picha asubuhi baina ya saa moja na saa mbili na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na nusu, jua likiwa limeinama na kuweza kuingia chini ya nyusi.

Pili, mahali. Ikiwa hakuna budi kupiga mchana, tafuteni kivuli, lakini si kivuli cho chote. Chini ya mwembe jua hupenya katikati ya majani na kuwapaka vijana madoa kama chui. Kivuli kizuri ni cha jengo. Baada ya saa nane, upande wa mashariki wa darasa huwa na kivuli kipana. Wapangeni vijana humo, karibu na ukingo wake, waelekee uwanja ulio wazi. Nuru ya mbingu nzima itawajia usoni kwa upole. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa kung'aa: shavu, taya, paji la uso. Nuru pana hufanya mng'ao huo uenee, na uso ukaonekana una uhai.

Kivuli kina faida nyingine. Timu zetu zina vijana wa rangi nyingi, maji ya kunde na weusi wa makaa, na pengine yuko kijana mwenye ualbino. Katika jua kali kamera haiwezi kuwatosheleza wote. Mmoja atafutika na mwingine atazama. Kivulini wote huonekana pamoja. Tena yule mwenye ualbino jua humwunguza ngozi na kumwumiza macho, na si haki kumsimamisha juani nusu saa kwa ajili ya picha.

Tatu, nuru ya chini. Tandazeni shuka jeupe chini mbele ya mstari wa kwanza, mahali ambapo halitaingia katika picha. Shuka hurudisha nuru juu, ikaingia machoni na chini ya kidevu. Kofia zivuliwe au zisukumwe nyuma. Taa ya simu msiitegemee kwa timu ya watu kumi na wanane. Nguvu yake huishia hatua chache tu.

Nne, kipimo. Kamera hupima nuru ya picha nzima na kutaka wastani wake uwe wa kadiri. Ikiona mbingu nyeupe na jezi nyeupe hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na wanaoumia ni nyuso. Kwa hiyo punguzeni mbingu; simameni ambapo nyuma ya vijana pana miti au ukuta usiong'aa. Kwenye simu gusa uso wa kijana, si jezi yake, kisha ongeza au punguza mwanga mpaka uso ufanane na uso unaouona kwa macho yako.

Tano, mpango. Waliosimama nyuma, kila kichwa kiwe katika nafasi ya vichwa viwili vya mbele. Jua la jioni lisitoke ubavuni kabisa, maana kivuli cha jirani kitamwangukia mwenziwe usoni. Likiwa mbele yao, vijana wafumbe macho, mpiga picha ahesabu moja, mbili, tatu, ndipo wayafumbue. Hapo hutaona timu nzima imekunja nyuso.

Katika yote hayo hakuna linalohitaji fedha. Linalohitajika ni kuwajali vijana. Na hapa hatuna budi kusema wazi. Mara nyingi picha ya timu husubiri mgeni rasmi. Mgeni huchelewa, vijana husimama juani tangu asubuhi, saa saba mgeni hufika, hukaa kwenye kiti chini ya turubai, na kamera humpima yeye. Uso wake hutoka vizuri. Walioshinda hugeuka pazia nyuma yake. Sisi twasema utaratibu huo ugeuzwe. Picha ya timu ipigwe asubuhi, mgeni asisubiriwe. Akija, apigwe picha yake pamoja nao kivulini, kama watu wengine.

Lakini tahadhari. Wako wanaodhani dawa ni kuwafanya vijana weupe. Huzidisha mwanga mpaka uso mweusi ukawa rangi ya majivu, au hutumia programu za simu zinazong'arisha ngozi. Huo si ufundi, ni utumwa wa kadi ya Shirley ulioingia kwa mlango mwingine. Hatutaki kijana wetu aonekane kama mtu mwingine. Twataka aonekane yeye, na weusi wake wote, jasho lake, na kovu lake la utotoni.

Walimu wa michezo, makatibu wa vilabu, na ninyi vijana wenye simu, kazi ni yenu. Kombe huzeeka na jezi huchakaa. Picha itabaki ukutani miaka arubaini, na wajukuu watakuja kuuliza walioshinda walikuwa nani. Wajibiwe kwa nyuso, si kwa vivuli.