FUNGUENI MAKABATI YA VITABU

Katika shule nyingi za nchi yetu liko kabati moja, nalo aghalabu hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndani yake mna vitabu. Vingine vililetwa na Serikali, vingine vilitolewa na wafadhili, na vingine vilinunuliwa kwa fedha za wazazi wenyewe. Kabati hilo lina kufuli, na ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu mmoja. Akija mgeni hufunguliwa, akaonyeshwa vitabu jinsi vilivyopangwa vizuri, akasifu, akatia sahihi katika kitabu cha wageni. Akiisha kwenda zake, kufuli hurudi mahali pake. Mtoto ambaye vitabu vile vililetwa kwa ajili yake huviona kwa dirishani tu.

Twapenda leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kabati hilo. Huenda wako watakaosema kwamba gazeti la chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Sisi hatukubali. Mtu asiyesoma huambiwa. Mtu asomaye hujionea mwenyewe. Asiyesoma hupewa karatasi ya shamba lake aweke dole gumba, wala hajui kilichoandikwa. Asiyesoma husikia habari za nchi yake kwa mdomo wa mwingine, na mdomo huo ukipotosha, naye hupotoka. Uhuru wa nchi ni jambo moja, na uhuru wa akili ya mwananchi ni jambo la pili. La kwanza haliwezi kudumu bila la pili. Kwa hiyo kabati lililofungwa si jambo dogo hata kidogo.

Wazee wetu waliijua thamani ya kitabu kwa kuwa walikikosa. Wakati wa utawala wa Mwingereza shule ziligawanywa kwa rangi za watu, na mtoto wa Mwafrika ndiye aliyepata sehemu ya mwisho. Ilikuwa mwaka 1948 ndipo ilipoanzishwa East African Literature Bureau, iliyochapa vitabu vya Kiswahili na lugha nyingine zetu na kupeleka masanduku ya vitabu vya kuazima huku na huku. Yalikuwa masanduku machache katika nchi kubwa. Hata hivyo waliokuwa na kiu walikunywa. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, hakupata chuo kikuu. Alikuwa karani wa Serikali. Kwa kusoma na kuandika mwenyewe, baada ya saa za kazi, akatuachia Kusadikika, Adili na Nduguze, na vingine vingi ambavyo leo husomwa hata na wageni wa nchi za mbali.

Uhuru ulipokuja hatukukawia. Mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, ilitungwa sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Hakuichagua siku hiyo bure. Ilikuwa Siku ya Uhuru, na maana yake ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho: maktaba ni tunda la Uhuru, si pambo la mji. Na Mwalimu hakuwahimiza watu wasome huku yeye amekaa. Katikati ya shughuli za kuongoza nchi alipata wasaa wa kufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963. Ikiwa kiongozi wa nchi aliupata wasaa, nani kati yetu atakayesema hana?

Kisha tukaenda mbele zaidi. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, kama thuluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye magodauni, misikitini na makanisani. Bibi na mjukuu walikaa ubao mmoja. Hata ilipofika mwaka 1986, hesabu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama 10 tu katika kila 100. Dunia nzima ilitustaajabia.

Lakini waliosimamia kazi ile waligundua jambo ambalo sisi tunalisahau. Mtu aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, husahau. Kusoma ni kama njia ya porini: isipopitwa, majani huiziba. Ndiyo sababu zikaanzishwa maktaba za vijiji, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, lililoanza huko Mwanza mwaka 1974, ili waliojifunza wapate cha kusoma. Baadaye fedha zikapungua, magazeti yale yakazimika, maktaba nyingi za vijiji zikafungwa na mchwa wakazirithi. Matokeo yake tuliyaona wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba waliojua kusoma na kuandika, wa miaka 15 na zaidi, walikuwa kama 78 katika kila 100. Badala ya kupanda kutoka pale tulipofika, tulishuka.

Sasa tutazame shule zetu. Hatukatai kwamba kazi kubwa imefanywa. Madarasa yamejengwa, ada imeondolewa, na watoto wamejaa shuleni. Taasisi ya Elimu hutoa vitabu vya kiada. Haya ni mema na twayasifu. Lakini kitabu cha kiada peke yake hakimfanyi mtoto apende kusoma. Kile ni kitabu cha kazi, nacho humjia pamoja na maswali, alama na mtihani. Uchunguzi wa Uwezo uliofanywa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Watu walishtuka. Lakini twauliza: watoto wale walikuwa wamepata kusoma hadithi ngapi kabla ya siku ile waliyopimwa?

Na huko sekondari mambo si bora sana. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu ni vitabu vilivyosomeshwa kwa miaka mingi. Hata hivyo mwanafunzi aweza kujibu swali juu yake bila kukishika kitabu chenyewe, kwa kuwa amekariri muhtasari wa dhamira na wahusika ulioandikwa na mtu mwingine. Huyo amesoma nini? Amekula maganda, embe hajalionja. Siku ya mwisho wa mtihani hutupa daftari, na kitabu hakigusi tena mpaka anakufa.

Kupenda kusoma hakufundishwi kwa amri wala kwa fimbo. Mtoto huanza kupenda siku anapokichagua kitabu mwenyewe, akaenda nacho nyumbani, akakaa nje ya nyumba jioni, akaitwa kula asisikie. Siku hiyo haiwezi kuja ikiwa kitabu kimo kabatini.

Tukiuliza kwa nini kabati limefungwa, jibu twalijua. Mwalimu anaogopa. Vitabu vimehesabiwa, na kimoja kikipotea yeye ndiye atakayeulizwa, pengine akilipe kwa mshahara wake. Hatumlaumu mwalimu huyo. Tumemfanya askari wa kulinda ghala, naye analinda kwa uaminifu. Twawalaumu wale wanaomhesabia vitabu vilivyopotea wala wasimhesabie vitabu vilivyosomwa. Wahenga husema akiba haiozi. Lakini vitabu huoza. Panya huvila, mvua huvipata, na mtoto aliyevihitaji alipokuwa na miaka tisa sasa ana miaka thelathini. Kitabu kilichochakaa kwa mikono ya watoto mia kimelipa deni lake. Kilicho kipya baada ya miaka kumi ndicho kilichopotea.

Tumewasikia wengine wakisema: shule yetu haina jengo la maktaba, basi tufanyeje? Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kuanza. Jengo ni jambo zuri, nasi twataka kila shule ipate lake. Lakini maktaba si matofali. Maktaba ni vitabu, na msomaji, na mtu mmoja anayewakutanisha. Sanduku lenye vitabu hamsini, likipita darasa hadi darasa, ni maktaba. Chumba kikubwa kilichofungwa si maktaba.

Yanayotakiwa kwanza ni machache. Liwepo daftari la kuazimisha, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wachaguliwe wanafunzi wawili watatu wa madarasa ya juu, wavulana na wasichana, wawe wasimamizi. Watoto hulinda vizuri kitu walichokabidhiwa. Kipatikane kipindi kimoja kwa juma ambacho mtoto husoma akipendacho, bila swali wala alama. Mwalimu naye asome hadithi kwa sauti mbele ya watoto wadogo, aikate pale penye utamu, awaache na hamu ya kesho. Na kila mtoto aruhusiwe kwenda na kitabu kimoja nyumbani Ijumaa, akirudishe Jumatatu. Vitabu viwili vitatu vitapotea kila mwaka. Na vipotee! Kamati ya shule ikubali jambo hilo tangu mwanzo, na iliandike, ili mwalimu asiogope.

Jambo la vitabu gani nalo lina ubishi. Wako wakubwa wanaodhani kwamba hadithi ni upuuzi, na kwamba mtoto asome vya masomo tu. Sisi tungependa kuwauliza wakubwa hao walianzaje wenyewe. Wengi walianza na Hekaya za Abunuwasi, au Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wengine walikesha na Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, au walipokezana riwaya za Elvis Musiba mpaka jalada likang'oka. Kwa vitabu hivyo walipata mwendo wa macho, na kwa mwendo huo wakaweza baadaye kusoma sheria, dawa na uchumi. Asiyetambaa hatakimbia.

Tena vitabu vya Kiswahili viwe vingi. Tangu Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, ulipoitenga tarehe 7 Julai mwaka 2021 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, tunaisherehekea kila mwaka kwa ngoma na hotuba. Mwaka huo huo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake moja ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Tulijivuna, na tulikuwa na haki. Lakini kujivunia mwandishi usiyemsoma ni sawa na kusifu chakula cha jirani kwa harufu. Tangu mwaka 2023 iko pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayowapa moyo watungaji wetu. Mtungaji naye ahitaji msomaji kuliko ahitajivyo makofi. Shule zikinunua vitabu na watoto wakavisoma, wachapaji wetu watachapa, na watungaji wetu watatunga.

Pia tusisahau kwamba kitabu cha shule hakiishii kwa mtoto. Binti akienda nacho nyumbani, mama humwambia, "Hebu nisomee, mwanangu." Kaka aliyeacha shule hukichungulia. Babu husahihisha neno la kale. Maktaba ya shule, ikiwa kabati lake liko wazi, yaweza kufanya sehemu ya kazi iliyofanywa na maktaba za vijiji tulizoziacha zife.

Sasa twawageukia wanachama na wapenzi wa chama. Mambo haya hayangoji mkutano mkuu. Katika juma lijalo kila tawi litume watu wawili au watatu waende kwa heshima katika shule iliyo karibu, wamwamkie mwalimu mkuu, wamuulize maswali matatu. Je, shule ina vitabu vya hadithi? Je, mtoto anaweza kwenda nacho kimoja nyumbani leo? Je, unahitaji nini ili hayo yawezekane? Wasiende kama wakaguzi, waende kama wazazi. Jibu la swali la tatu walirudishe tawini, na tawi lifanye liwezalo: fundi wa kutengeneza rafu, mchango wa kununua vitabu kumi, au kukaa na kamati ya shule ili mwalimu apate kibali cha kuazimisha bila hofu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wenye madaraka katika halmashauri twasema hivi. Mkaguapo shule msiulize vitabu vingapi viko salama. Ulizeni vingapi viko nje. Mpangapo fedha za shule, kumbukeni vitabu vya hadithi kama mnavyokumbuka saruji na mabati. Chuo cha ukutubi kiko Bagamoyo tangu mwaka 1989. Wapelekeni walimu wapate mafunzo ya kutunza vitabu na kuvigawa. Sheria ya maktaba tunayo, bodi tunayo, maktaba za mikoa tunazo. Kilichobaki ni kuvikutanisha na mtoto wa kijijini.

Na kwa mzazi asomaye maneno haya: gazeti hili ukiisha kulisoma, usilifungie sukari. Mpe mwanao. Mwambie akusomee kipande hiki kwa sauti. Akikwama neno, mngoje. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Wazee wetu walidai vitabu, wakanyimwa na mtawala. Itakuwa aibu kubwa ikiwa wajukuu wao wananyimwa na kufuli letu wenyewe. Ufunguo uko mikononi mwetu. Fungueni!